Mlima Si Pazia

Kwa miongo mingi picha ya harusi katika Afrika Mashariki ilipigwa mbele ya pazia. Maharusi waliingia studio, wakasimama mbele ya kitambaa kilichochorwa maua, bahari au mji wa mbali, wakaambiwa watulie, wakapigwa picha. Katika miaka ya 1990, vibanda vya wapiga picha karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, vilijulikana kwa mapambo na mapazia ya aina hiyo, na watu walifunga safari kwenda kupigwa picha hapo. Pazia lina sifa moja kubwa: linasubiri. Uje asubuhi au usiku, mvua inyeshe au jua liwake, bahari iliyochorwa haichafuki na maua hayanyauki. Leo maharusi wa Moshi, Arusha, Lushoto, Morogoro na Nairobi wanaikimbia studio na kupanda kwenye vilima na miteremko kutafuta picha zenye hewa na upana. Ni mabadiliko mazuri. Lakini wengi wao, pamoja na wapiga picha wao, wametoka nje wakiwa bado na mazoea ya ndani. Wanauendea mlima kana kwamba nao ni kitambaa kilichotundikwa ukutani, kinachongoja wenyewe wamalize shughuli zao ndipo waje wasimame mbele yake.

Hoja ya makala haya ni kwamba picha ya harusi ya mlimani huharibika au hufanikiwa kwenye ratiba, kabla kamera haijatolewa mkobani. Mlima una saa zake, una kalenda yake, una vipimo vyake na una wenyewe. Karibu kila kosa linaloonekana katika albamu za aina hii, kuanzia kilele kilichopotea mawinguni hadi nyuso zilizogeuka vivuli, linatokana na kuyapuuza hayo manne. Na dawa yake, kwa maharusi wengi, ni moja: picha ya mlima itengwe na siku ya harusi, ipewe alfajiri yake yenyewe, na siku ya harusi iachiwe watu wake.

Tuanze na saa, tukiutumia Mlima Kilimanjaro kama mfano, kwa kuwa ndio unaotafutwa zaidi. Kila mkazi wa Moshi anajua kwamba Kibo, kilele chake kirefu zaidi, huonekana asubuhi na mapema, hujifunika jua likipanda, na pengine hujifunua tena jioni. Hakuna siri hapo. Jua linapopasha miteremko, hewa yenye unyevunyevu kutoka mashambani na msituni hupanda, hupoa kadiri inavyokwea, na unyevu wake hugeuka mawingu yanayouzunguka mlima kiunoni na hatimaye kuufunika wote. Usiku miteremko hupoa, kupanda kwa hewa hukoma, na mawingu hulegea. Sasa weka ratiba ya harusi ya kawaida kando ya saa hiyo. Ibada ya ndoa huanza mchana, mara nyingi baada ya saa nane. Ikiisha kuna pongezi mlangoni, picha za pamoja na familia zote mbili, kisha msafara wa magari. Mpiga picha anabakiwa na kipande cha muda kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, kabla mshereheshaji hajaanza kupiga simu kuuliza maharusi wako wapi, maana ukumbi umejaa. Kwa siku nyingi za mwaka, hicho ndicho kipande ambacho Kibo bado kimejifunika. Maharusi wanasimama mbele ya ukuta wa kijivu, na mpiga picha anawaahidi kwamba mlima uko pale nyuma.

Kalenda nayo inapingana nao. Anga safi zaidi upande wa Moshi hupatikana kwa kawaida Januari na Februari: mvua za vuli zimekwisha, hewa imesafishwa vumbi, na jua liko upande wa kusini, hivyo linaumulika uso ule wa mlima unaotazamana na mji. Lakini Januari ni mwezi wa ada za shule na kodi ya nyumba, na mifuko imetoka kukaushwa na Krismasi. Harusi za Uchagani hujazana Desemba, wakati watoto wa Kilimanjaro wanaporudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, na vuli mara nyingi haijaaga. Kisha inakuja Kwaresima, ambapo makanisa mengi hayafungishi ndoa za shangwe. Pasaka ikipita, waliokuwa wakisubiri wanamiminika kanisani katikati ya masika. Juni hadi Agosti mvua ni chache, lakini mawingu ya chini hupenda kutanda juu ya Moshi, na jua lenyewe limehamia kaskazini, nyuma ya mlima. Kwa maneno mengine, kalenda ya ndoa imepangwa na kanisa, likizo na fedha, na mlima haukushirikishwa. Sisemi kwamba watu waoane Februari kwa ajili ya picha. Ninachosema ni kwamba, kwa kuwa kalenda mbili hizi hazikutani, ni busara kuacha kuzilazimisha zikutane Jumamosi moja saa kumi na moja jioni.

Jambo la tatu ni vipimo, na hapa kosa ni la kitaalamu zaidi. Malalamiko ya kawaida ya maharusi waliopigwa picha siku mlima ukiwa wazi kabisa ni kwamba kwenye picha umekuwa mdogo, kama kichuguu, ilhali kwa macho ulijaa mbinguni. Hesabu yake ni rahisi na inafaa kufuatwa. Kilele cha Kibo kina mita 5,895. Moshi iko karibu mita 850 juu ya usawa wa bahari, na kati yake na kilele kuna takriban kilomita 30 kwa mstari ulionyooka. Chukua kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24, uifunge lenzi ya milimita 24, ambayo ndiyo upana wa kamera kuu ya simu nyingi. Kimo chote cha mlima juu ya usawa wa mji kitachukua milimita 4 tu kati ya zile 24 za sensa, yaani sehemu moja ya sita ya picha. Badili lenzi, weka ya milimita 100: sasa mlima unachukua karibu milimita 17, theluthi mbili za picha. Maharusi je? Mtu wa kimo cha kawaida aliyekuwa mita 5 mbele ya lenzi ya kwanza alichukua theluthi moja ya kimo cha picha. Ukitaka abaki vilevile kwa lenzi ya pili, rudi nyuma hadi mita 21. Maharusi hawakubadilika ukubwa, na mlima umekua mara nne.

Mpiga picha anayeielewa hesabu hiyo anaelewa kwamba ukuu wa mlima kwenye picha unatengenezwa kwa miguu yake. Lazima aende mbali na maharusi, na kwa hiyo lazima atafute mahali palipo wazi mita 20 au 50 mbele yao, pasipo nyaya za umeme wala paa la bati. Mahali kama hapo hapatafutwi siku ya harusi huku gari linawaka na wasimamizi wanatazama saa. Hutafutwa siku kadhaa kabla, kwa kutembea. Faida nyingine ya umbali haisemwi sana: maharusi walio mita 20 kutoka kwenye kamera huisahau. Mabega yanashuka, mikono inajua pa kukaa, na wawili hao wanaanza kuzungumza wao kwa wao.

Hesabu hiyo ni ya mlima unaotazamwa kutoka chini. Ukiwa juu ya mlima wenyewe, mambo yanageuka. Irente, karibu na Lushoto, mtu hasimami mbele ya Usambara. Anasimama juu ya Usambara. Mwamba unaishia ghafla, na chini yake karibu mita elfu moja kuna Mazinde na nyika inayokwenda mpaka macho yanachoka. Hapo lenzi pana ndiyo yenye kazi, kwa kuwa kinachosimuliwa ni uwazi. Vilima vya Ngong, vinavyofika mita 2,460, vina tabia nyingine tena: upepo. Mitambo ya umeme wa upepo iliyosimikwa pale haikuwekwa kwa bahati. Shela ndefu katika upepo huo inaweza kuwa bendera nzuri kuliko pambo lolote, au inaweza kumfunika bibi harusi uso katika kila picha, kutegemea kama mpiga picha amemweka upepo ukimjia ubavuni au mgongoni. Kadiri mtu anavyopanda, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kwa kila mita elfu, na gauni lisilo na mikono lililoshonwa kwa ajili ya ukumbi wa mjini halikushonwa kwa ajili ya mita 2,400. Baridi huonekana usoni. Hakuna tabasamu linaloificha.

Halafu kuna mwanga, na hapa kuna suala ambalo lingepaswa kuwagusa wapiga picha wetu kuliko wa mahali pengine popote. Kamera inapopima mwanga yenyewe, inachukulia kwamba wastani wa kilicho mbele yake ni kijivu cha kati. Ikikuta theluji, mawingu meupe na gauni jeupe, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na watu wenye ngozi nyeusi wanazama gizani. Tatizo hili lina historia. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafisha picha zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi ya kawaida. Kamera za leo ni bora kwa mbali, lakini mazoea ya kukubali uso mweusi uliopoteza maumbo yake, ilimradi mlima na gauni vimetoka vizuri, bado yapo. Mpiga picha wa harusi za mlimani hana budi kuamua mapema kwamba uso ndio kipimo. Apime mwanga usoni, alinde weupe wa gauni kwa kupiga faili ghafi linalohifadhi maelezo mengi zaidi, na muhimu kuliko vyote, achague saa ambayo anga na uso havijatofautiana sana.

Saa hiyo nayo ni fupi kwetu. Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa nchi za kaskazini, ambako jua huchomoza na kuzama kwa mshazari na mwanga laini hudumu. Karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo mwanga wa chini wa dhahabu hauzidi dakika 40 hivi, na baada ya hapo vivuli vinaanza kuingia kwenye matundu ya macho. Mchana jua liko utosini, na hakuna mlima duniani utakaouokoa uso uliomulikwa kutoka juu. Ukijumlisha yote haya, mawingu, mwanga na upepo ambao kwa kawaida hutulia alfajiri, jibu linajitokeza lenyewe. Picha ya mlima ni ya kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi. Hakuna bibi harusi atakayekuwa tayari saa hizo siku ya harusi yake. Kwa hiyo siku hiyo iwe nyingine.

Pingamizi la kwanza ni fedha. Harusi zetu zinaendeshwa na kamati na michango, na kila shilingi ina msemaji wake. Kuongeza siku nzima ya mpiga picha kunaweza kuonekana ni anasa. Ni pingamizi la haki, lakini tuangalie kinacholipiwa sasa. Msafara wa magari unaopanda hadi mahali pa picha na kukuta mawingu unakula mafuta, unakula muda wa ukumbi, na mwisho wake ni picha zinazofanana na za bustani yoyote. Alfajiri moja ya watu watatu katika gari moja, bila msafara, bila gari la mapambo, bila nguo za kukodi, haina gharama za namna hiyo. Tena haihitaji kupanda mbali: kwa mlima unaotazamwa kutoka chini, kipande cha uwanja ulio wazi karibu na nyumbani kinatosha. Nani alipe na kiasi gani ni mazungumzo ya maharusi na mpiga picha, na ni rahisi zaidi kuyamaliza yakiwa ni ya saa mbili za asubuhi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: picha ya siku nyingine si ya harusi. Wengine hawataki bwana harusi alione gauni kabla ya siku yenyewe. Wengine, hasa katika familia za Kiislamu zinazochunga staha, hawaoni sawa wachumba kutembea peke yao mlimani kabla ya nikahi. Hoja hizi zinastahili kuheshimiwa, na hazivunji ninachopendekeza. Alfajiri ya mlima inaweza kuja wiki moja baada ya ndoa, wakati gauni limeshaonekana na wawili ni mume na mke. Au ikija kabla, hakuna ulazima wa gauni. Wachumba waliovaa nguo zao za kila siku, kitenge, sweta, viatu vya kutembelea kwenye tope, wanapatana na mlima vizuri kuliko satini. Ama siku ya harusi, naiona ikipata faida. Zile saa mbili zilizokuwa zinaibwa kwa ajili ya mlima zinarudi kwa bibi aliyesafiri kutoka Rombo, kwa wajomba, kwa mama anayefuta machozi kwa ncha ya khanga. Hao hawatarudi alfajiri nyingine. Mlima utarudi.

Pingamizi la tatu linatoka kwa mafundi wa kompyuta: kwa nini tuhangaike, wakati Kibo kinaweza kupachikwa nyuma ya maharusi kwa dakika tano? Hakika kinaweza, na watu wengi hawatagundua. Lakini hapo ndipo tunaporudi kwenye pazia, tena bila uaminifu wake. Pazia la studio halikumdanganya mtu. Kila aliyeitazama picha alijua ile bahari imechorwa. Mlima uliopachikwa unadai kwamba wawili hawa walikuwepo. Picha ya harusi huhifadhiwa kwa sababu ni ushahidi, na mtoto atakayeuliza siku moja ni wapi hapa anastahili jibu la kweli.

Na kama alfajiri yenyewe mlima ukakataa? Utakataa mara nyingine, na mpiga picha makini hujiandaa kwa hilo. Kilimanjaro si kilele peke yake. Miteremko yake ina vihamba, yaani mashamba ya ukoo, migomba iliyofunika kahawa, mifongo inayoleta maji kutoka juu, na ukungu unaolainisha mwanga kuliko taa yoyote ya kununua. Picha ya wawili ndani ya ukungu wa Marangu bado ni picha ya mlima, kama mpiga picha hakuja akiwa ameganda na sura moja kichwani.

Lakini ukiingia kihambani umeingia kwa mtu. Hapa ndipo tofauti ya mlima na pazia inapokuwa suala la adabu. Wachaga huzika wapendwa wao kihambani. Kilima kidogo chenye nyasi nzuri kinaweza kuwa kaburi la babu wa mwenye shamba. Masale, ambayo majani yake hupendeza mkononi mwa bibi harusi, huoteshwa mipakani na makaburini, na kwa Wachaga jani la isale ni alama ya kuomba radhi na kupatana. Aliyelikata kwa ajili ya rangi yake ya kijani amelichukua neno zito akalifanya pambo. Wakikuyu waliuelekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, walipoomba. Kwa Wamaasai, Ol Doinyo Lengai ni mlima wa Mungu. Mlima tunaouona kama mandhari ni madhabahu ya mwingine, shamba la mwingine, au hifadhi yenye sheria, ambamo kazi ya kibiashara na kurusha droni vinataka kibali. Kuomba ruhusa, kumlipa mwenye shamba anapostahili, na kumsimamisha bibi harusi mbali na ukingo wa Irente kwa kiasi ambacho hata akikanyaga pindo la gauni hakuna msiba, vyote hivi ni sehemu ya kazi, sawa na kuchaji betri.

Imebaki sababu moja ya kuupa mlima saa yake, na kwangu ndiyo kubwa. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikadiriwa kufunika kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. UNESCO imeonya kwamba barafu hiyo huenda ikatoweka kabla ya mwaka 2050. Wachumba wanaopigwa picha leo wakiwa na umri wa miaka 28 watakuwa hawajafika 60 wakati huo. Watafungua albamu, na nyuma ya nyuso zao changa patakuwa na weupe ambao wajukuu wao hawatauona kwa macho. Picha hiyo haitakuwa tena ya kwao peke yao. Ili iwe na thamani hiyo, lazima mlima ule uwe ulikuwepo kweli asubuhi ile, na wao mbele yake, wamefika mapema, wakiungoja.